Mpanda Baiskeli Aliyeumia Bega Awafunza Askari Subira

Mnamo tarehe 21 Septemba 2025, katika mji wa Kigali, makao makuu ya jirani zetu wa Rwanda, mpanda baiskeli mmoja kutoka Ubelgiji alikuwa akikwea mlima wa Kimihurura, ambao barabara yake imetandikwa mawe. Kichwa kilikuwa kimeinama na mikono imekazwa juu ya usukani. Mbele yake alikuwako Tadej Pogačar wa Slovenia, bingwa ambaye mwaka huo huo alikuwa ameshinda mbio za kuizunguka Ufaransa kwa mara ya 4. Pogačar aliondoka dakika mbili na nusu kabla yake, maana katika mashindano ya namna hiyo kila mtu hutoka peke yake na kushindana na saa. Hata hivyo yule Mbelgiji alimfikia, akampita, akamwacha nyuma. Alimaliza kilomita 40.6 kwa muda usiotimia dakika 50, akawa bingwa wa dunia wa mbio hizo kwa mara ya tatu mfululizo. Jina lake ni Remco Evenepoel.

Hayo yalikuwa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani kufanyika katika bara letu la Afrika, nasi tulio ng'ambo ya mpaka wa Katuna tulikuwa na haki ya kuona fahari pamoja na majirani zetu. Lakini leo hatuandiki ili kuzisifu mbio. Twaandika juu ya bega la kulia la mtu yule, ambalo miezi tisa na nusu kabla ya siku ile lilikuwa limeachana na mfupa unaolishikilia. Na twaandika kwa ajili ya askari wetu, wa jeshi na wa polisi, juu ya jambo lisilofundishwa sana katika uwanja wa gwaride, yaani namna ya kupona.

MLANGO ULIOFUNGUKA

Tarehe 3 Desemba 2024 Evenepoel alikuwa katika mazoezi yake ya kawaida karibu na kijiji cha Oetingen, nchini kwao. Hapakuwa na mashindano siku hiyo, wala mteremko wa kutisha, wala mpinzani wa kushindana naye. Kando ya barabara palikuwa na gari la kupeleka barua. Mlango wa gari ulifunguliwa ghafula, naye akaugonga kwa kasi. Baiskeli yake, iliyokuwa imepakwa rangi ya dhahabu kwa ukumbusho wa nishani mbili za dhahabu alizozipata katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka ule ule, ilikatika vipande viwili.

Madaktari walikuta ubavu umevunjika, kombe la bega la kulia limevunjika, na mfupa wa kiganja umevunjika pia. Mapafu yake yalikuwa yamepondeka. Lililokuwa zito kupita yote ni mtulinga wa kulia, yaani ule mfupa mrefu utokao kifuani hadi begani. Mfupa huo ulikuwa umeteguka, na kano zote zilizoushikilia zilikuwa zimekatika. Alifanyiwa operesheni, akaamriwa kutulia pasipo kuutikisa mwili.

Yafaa msomaji ajue kwamba bega hilo hilo lilikuwa limekwisha kuumia mwaka ule. Tarehe 4 Aprili 2024, katika mashindano ya nchi ya Basque huko Uhispania, alianguka pamoja na wenzake, akavunjika mtulinga wa kulia na kombe la bega la kulia. Safari ile alirudi mashindanoni tarehe 2 Juni, baada ya siku 59. Safari hii ya pili alirudi tarehe 18 Aprili 2025. Tukihesabu tangu siku ya ajali, twapata siku 136.

Mtu ni yule yule, bega ni lile lile, na hapana atakayesema kwamba bingwa wa Olimpiki hakupata madaktari wazuri au chakula cha kutosha. Kwa nini basi mara ya pili alikawia zaidi ya maradufu? Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

BEGA LILIVYOUNGWA

Askari aliyewahi kufungua bunduki na kuifunga tena anajua kwamba kila chombo kina sehemu iliyo imara na sehemu iliyo nyepesi. Mwili nao uko hivyo. Kiungo cha nyonga kimekaa ndani ya shimo lenye kina, kama mchi ndani ya kinu. Kiungo cha bega hakiko hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kishimo kinachokipokea ni kifupi, mfano wa mpira uliowekwa juu ya kisahani. Kwa sababu hiyo mkono waweza kuzunguka pande zote, kuinuka juu ya kichwa na kwenda nyuma ya mgongo. Na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuteguka.

Kinachouzuia mpira usidondoke kutoka kisahanini ni misuli minne inayokizunguka kiungo, pamoja na kano. Tena mkono mzima umeungwa na kiwiliwili, mfupa kwa mfupa, mahali pamoja tu: pale mtulinga unapokutana na mfupa wa kifua. Mpanda baiskeli aangukapo hutanguliza kiganja au ncha ya bega. Uzito wote wa mwili na kasi yote ya mwendo hupita katika kifupa hicho chembamba. Kisipovunjika chenyewe, kano zinazokishika ndizo zinazokatika.

Sasa mfupa na kano havina tabia moja. Mfupa una damu nyingi. Ukivunjika, ukapangwa sawasawa na kushikizwa kwa bamba la chuma na skrubu, hujiunga wenyewe, na kwa mtu mzima kazi hiyo kwa kawaida huchukua kati ya wiki 6 na 12. Kano hupata damu kidogo. Daktari aweza kuzishona au kuzifunga mahali pake kwa uzi imara, lakini kushona si kupona. Nyuzi mpya za mwili huota polepole, nazo huanza zikiwa dhaifu. Yapita miezi kabla hazijaweza kuuhimili mzigo. Na katika miezi hiyo misuli isiyofanya kazi hunywea, hata mtu akijitazama kiooni huona bega moja limejaa na la pili limesinyaa kama la mzee.

Tena mara nyingi maumivu huondoka kabla nguvu hazijarudi. Mgonjwa haoni tena uchungu, usiku analala, kidonda cha operesheni kimefunga, naye hujiambia kuwa amepona. Kumbe ndani uzi ungali ndio unaofanya kazi ya kano.

KOPLO NA KITAMBAA CHAKE

Tuchukue mfano wa koplo wa polisi katika kituo cha mashambani, ambaye kazi yake yote huifanya kwa baiskeli. Ameanguka mtaroni, amefanyiwa operesheni, na mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Daktari amemwagiza akae hivyo kwa wiki sita. Wiki ya tatu anarudi kituoni kuwasalimu wenzake.

Konstebo mmoja anamtazama, anacheka, anamwuliza: "Afande, mtoto huyo utamweka chini lini?"

Wote wanacheka, na koplo anacheka pamoja nao. Lakini neno lile limemwingia. Jioni, akiwa nyumbani kwake, anakifungua kitambaa. Asubuhi anauinua mtungi wa maji ili mkewe amwone kuwa mzima. Anasikia kitu kikifyatuka begani. Juma linalofuata yumo tena juu ya meza ya operesheni, na siku zake zinahesabiwa upya tangu mwanzo.

Hatumcheki koplo huyo. Askari amefundishwa kuyadharau maumivu, na mafunzo hayo ni mema pale adui anapokuwa mbele. Tena yumo na hofu ambayo haisemi: hofu ya kuonekana hafai, ya kuondolewa katika kikosi chake, ya kuambiwa arudi kijijini akalime kwa mkono mmoja. Hata Evenepoel, mwenye nishani zake, hakuepukana na hofu ya namna hiyo. Baadaye alikiri hadharani kwamba katika miezi ile ya kuuguza bega alifikia mahali pa kufikiri kuiacha baiskeli moja kwa moja. Ikiwa mtu wa umri wa miaka 24, aliyeshinda karibu kila kitu, aliweza kukata tamaa hivyo, askari wetu asione haya moyo wake ukilegea katika wiki ya nane. Aseme. Amwambie daktari, amwambie mkubwa wake, amwambie mkewe. Linalosemwa hupata msaada.

USHUJAA WA NAMNA MBILI

Wapenzi wa baiskeli huko Italia hawamsahau Fiorenzo Magni. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 35 na huo ukiwa mwaka wake wa mwisho wa mashindano, alivunjika mtulinga wa kushoto katikati ya mbio za kuizunguka Italia. Alikataa kujitoa. Kwa kuwa mkono wake haukuweza kuuvuta usukani wakati wa kupanda milima, fundi wake alikata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, akakifunga kwenye usukani, naye Magni akakiuma kwa meno na kuvuta kwa shingo. Alianguka tena, akaumia zaidi, na bado akamaliza akiwa wa pili nyuma ya Charly Gaul wa Luxembourg.

Hadithi hiyo husimuliwa kwa mshangao, nasi pia twamshangaa. Lakini askari asiichukue kuwa amri. Magni alikuwa anafunga kazi. Hakuwa na msimu mwingine wa kuuhifadhia mkono wake. Askari wetu bado ana miaka mingi ya utumishi, ana watoto wa kuwalea na shamba la kulima.

Evenepoel mwenyewe alikuwa amekwisha kuonja tunda la haraka. Mwezi wa Agosti 2020, katika mbio za Lombardia, alitumbukia bondeni kutoka darajani akavunjika nyonga. Alirudi mwezi wa Mei 2021, akaingia moja kwa moja katika mbio za wiki tatu za kuizunguka Italia, pasipo kutangulia kujipima katika mashindano yoyote madogo. Hakufika mwisho, alianguka tena akajitoa. Mwaka 2025 mambo yalikuwa mengine. Mlango wa kurudia ulikuwa mbio ya siku moja, ile iitwayo Brabantse Pijl, katika barabara za kwao, inayomalizikia mji wa Overijse. Aliishinda siku ile ile, akimpita Wout van Aert katika mita za mwisho, na siku mbili baadaye akawa wa tatu katika mbio kubwa ya Amstel huko Uholanzi.

Basi je, alikuwa amepona? Hapana, bado. Mwezi wa Julai mwaka ule alishinda mbio ya saa huko Caen, katika mashindano ya kuizunguka Ufaransa, lakini tarehe 19, mlimani Tourmalet, alishuka akaacha. Kupona si barabara iliyonyooka. Kuna wiki ya kupanda na wiki ya kushuka, na anayeishi kwa kupima maendeleo yake ya jana na leo atavunjika moyo. Ajipime mwezi kwa mwezi.

NAMNA MKONO UNAVYORUDI

Kila operesheni ina masharti yake, na daktari aliyeifanya ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini utaratibu wenyewe kwa jumla hauna siri, na askari akiujua ataufuata kwa moyo zaidi.

Kwanza ni kutulia. Mkono umo kitambaani, lakini vidole, kiganja na kiwiko havilali. Mgonjwa hukunja na kukunjua vidole mara nyingi kwa siku, ili damu itembee na viungo visikauke. Bega lililofungwa mno bila kutikiswa kabisa huweza kukakamaa, na kulilegeza tena ni kazi ya miezi.

Daktari akisharuhusu, huja zamu ya kuuning'iniza mkono. Mgonjwa huinama akiegemea meza kwa mkono mzima, naye huuacha ule mbovu uning'inie na kuzunguka miduara midogo, kama kamba ya kengele. Hatumii nguvu, uzito wa mkono wenyewe hufanya kazi. Baadaye husimama mbele ya ukuta na kuvitembeza vidole juu kidogo kidogo, akiweka alama ya chaki pale vilipofika. Alama ile ndiyo cheo chake. Juma hili ipo kwenye kifua, juma lijalo ipo kwenye kidevu.

Mwisho ni nguvu. Hapa hapahitajiki mashine za Ulaya. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kikifungwa kwenye nguzo na kuvutwa polepole mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, chatosha kabisa kuirudisha misuli ile minne kazini. Mpira ule ule alioutumia Magni kuuongezea mwili wake taabu, askari wetu aweza kuutumia kuuponya.

Mpanda baiskeli huweza kuanza kuzungusha pedali kwenye baiskeli isiyotembea muda mrefu kabla hajaruhusiwa kwenda barabarani. Miguu haikuvunjika. Lakini barabara ina mashimo, na kila shimo hupiga usukani, na usukani hupiga bega. Kadhalika mwenye bunduki: kitako hupiga pale pale palipounganishwa. Asirudi katika uwanja wa shabaha kwa kuwa tu haoni uchungu. Arudi daktari atakapotia sahihi.

Nao wakubwa wa vikosi wana wajibu wao. Askari mwenye bega bichi aweza kuandika kitabu cha matukio, kupokea simu ya upepo, kuwafundisha kuruta sheria za kazi. Mkubwa anayempa kazi hizo hampendelei. Analinda mali ya taifa. Anayempeleka lindoni na bunduki kabla ya wakati atampoteza kwa muda mrefu zaidi.

MANENO KWA POLISI WA BARABARANI

Hatuwezi kumaliza bila kukirudia kile kilichoanzisha yote, yaani mlango wa gari. Mlango huo waweza kufunguka Oetingen, na waweza kufunguka katika barabara yoyote ya Kampala, Mbale au Masaka, mbele ya mtu aliyebeba ndizi zake kwenda sokoni.

Huko Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi mno, madereva hufundishwa kuufungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Kwetu dereva huketi upande wa kulia. Basi na aufungue kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ukivuka kifua, kiwiliwili hugeuka, na macho hutazama nyuma pasipo kulazimishwa. Jambo hilo halina gharama. Polisi wetu walitende wenyewe kwanza, kisha wawafundishe madereva.

Na ikiwa ajali imetokea, mara nyingi polisi ndiye wa kwanza kufika. Asimwinue aliyeanguka kwa kumvuta mkono. Atazame kwanza kama anapumua vema, maana bega lililovunjika laweza kuwa na ubavu uliovunjika chini yake. Autegemeze mkono kama ulivyo, aufunge kifuani kwa kitambaa au shati, na avue saa na pete kabla vidole havijavimba. Aviguse vidole: vikiwa baridi au vimekufa ganzi, mishipa imebanwa, na safari ya hospitali isicheleweshwe hata kidogo. Asijaribu kulirudisha bega mahali pake, wala asimruhusu mtu mwingine kulivuta na kulikanda. Kano zilizokatika na mishipa iliyobanwa huweza kuharibika kabisa kwa mkono wa mtu mwenye nia njema.

SIKU SABA BAADAYE

Tarehe 28 Septemba 2025, Evenepoel aliingia tena katika barabara za Kigali kwa mbio ndefu ya kilomita 267.5. Safari hii Pogačar alishinda, naye akawa wa pili. Katika wote walioanza, waliofika mwisho ni 30 tu.

Twadhani nafasi ile ya pili ina maana kama ile ya kwanza. Mtu ambaye katika majira ya baridi alikuwa akiambiwa asiutikise mkono, alikesha siku nzima juu ya vilima vya Rwanda akiushika usukani kwa mikono miwili. Hakuyapata hayo kwa siku moja ya ushujaa. Aliyapata kwa siku 136 za kutii, ambazo hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi.

Askari aliye kitandani au nyumbani leo, mkono wake ukiwa umening'inizwa shingoni, naye ajihesabu kuwa yuko kazini. Amepewa lindo, na lindo lenyewe ni bega lake. Asiliache kabla hajaja wa kumpokea.